Ngozi Zilizokuja Safi

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili iende kwa mkono wako wa kushoto, maana najua unapenda uulizwe habari zake kabla ya zako. Je, bado unawasha? Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi ya kijani, kwa hiyo nikilala najidanganya ni bustani.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya hapo nyumbani ni ya Mama, na Mama akiongea na simu mtaa mzima unanyamaza kusikiliza. Hili nataka ulisikie peke yako.

Nimetolewa stoo ya dawa na kupelekwa maabara ya ngozi. Tunatengeneza dawa ya kupaka kwa watu waliowahi kuungua, wale ambao kidonda kilipona zamani lakini kovu linawasha na kuuma mwaka nenda mwaka rudi. Unajua nilimfikiria nani siku ya kwanza nilipoelezwa. Sasa, kabla dawa haijapakwa kwa mtu, lazima tujue inapenya ngozi kiasi gani. Ngozi ya mtu haipatikani hivihivi, kwa hiyo tunatumia ya mnyama ambaye ngozi yake inakaribiana sana na yetu: unene, mafuta ya chini yake, hata vinyweleo vilivyo vichache vichache. Mjomba, huyo mnyama ni nguruwe.

Umeshacheka? Basi usicheke tena, maana Mama hajui. Nimemwambia niko maabara ya dawa, ambayo ni kweli, nikaishia hapo. Akijua nashika nguruwe Jumatatu hadi Ijumaa, nikirudi likizo nitakuta nimetengewa sahani yangu peke yangu na kikombe chenye alama. Nifichie hili.

Mpwa wako,
Bi Maswali


27 Februari

Bi Maswali,

Marahaba, na mkono nao umeitikia. Unawasha kama kawaida yake, hasa nikiwa na haraka ya kufunga vifungo. Mama yako hajambo. Wiki iliyopita amegombana na fundi wa bomba, amegombana na bomba lenyewe, na wote wawili wamenyooka. Mimi nimekuwa mtu wa kukaa barazani na redio, kustaafu kumeniharibu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, halafu nikaiweka ndani ya kiatu cha zamani ambacho dada yangu hawezi kukigusa. Siri yako iko salama. Nguruwe, eti! Bibi yako angekuwa hai angeifuta meza mara tatu kwa kulisoma tu hilo neno.

Mimi mambo ya mnyama huyo siyajui, kazi yangu ilikuwa sabuni, unajua. Ila nauliza tu kama mtu asiye na shughuli. Hizo ngozi mnaletewa asubuhi au jioni? Zinatoka sehemu gani ya mwili? Maana ya sikioni ni nyembamba, ya mgongoni ni nene, hazifanani. Na zinakuja na nywele?

Kula vizuri. Sauti yako kwenye simu imekonda.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa kumepata joto, na jirani wa ule ukuta wa kijani amefunga kamba ya nguo, kwa hiyo bustani yangu sasa ina mashuka. Mwambie Mama kifurushi kimefika, soksi zimenitosha. Na umejuaje habari za sikio na mgongo? Viwanda vya sabuni siku hizi vinafundisha mengi!

Mambo yameiva, Mjomba. Nikueleze tunavyofanya. Tuna vikombe vya kioo vyenye vyumba viwili, cha juu na cha chini. Katikati tunabana kipande cha ngozi kama mlango. Juu tunapaka dawa, chini kuna maji yenye joto la mwili. Kila saa navuta maji kidogo ya chini na kupima dawa iliyopita. Mwaka jana, kabla sijaja, dawa ilikuwa inapita kwa kusuasua. Tangu nimeshika mimi, inapita vizuri mno. Mkuu wa maabara, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba, alisimama mbele ya karatasi zangu akasema, "Una mkono mwepesi." Nilitembea kama naelea siku nzima.

Umeuliza nywele. Zilikuwa zinakuja nazo, tena na damu kidogo, na nakiri nilikuwa nafungua sanduku nikiwa nimeangalia pembeni. Umelelewa nyumba hiyo hiyo, unanielewa. Basi nikawaandikia watu wa machinjio kikaratasi: tafadhali leteni zikiwa safi, bila nywele. Ni watu wema. Tangu wiki ile zinakuja nyeupe, laini, safi kama sahani. Hakuna hata mmoja wetu hapa aliyewahi kukanyaga machinjio, na sasa hakuna haja.

Ripoti inaenda kwa kamati tarehe 12 Juni. Wakiikubali, wagonjwa thelathini wa wodi ya majeraha ya moto wanaanza kupaka. Mkataba wangu nao unaamuliwa siku hiyo hiyo. Niombee.

Bi Maswali


18 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Utanisamehe kuchelewa. Paa la jikoni limevuja, nikapanda, nikashuka, likavuja tena. Mama yako anasema nilipanda kwenda kuliangalia tu.

Nimefurahi kwa kazi yako. Ila hiyo ripoti msiifanyie haraka. Ziangalieni ngozi zenyewe vizuri, msiangalie maji ya chini peke yake. Sina zaidi, mimi si mtu wa maabara.

Mama yako anakusalimu. Ameshawaambia majirani wawili kwamba unatengeneza dawa, na mmoja ameleta goti lake.

Mjomba wako


9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sitaki kukuficha, barua yako iliniuma. Nilisubiri karibu mwezi mzima nikapata paa la jikoni na goti la jirani. Nilikueleza jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kunipata na wewe ukaniambia nisifanye haraka, kama mtu anayevuka barabara.

Kama una kinyaa na hao wanyama, sema. Nitaelewa. Lakini hii dawa naifanya nikiuona mkono wako. Nakumbuka nikiwa mdogo ulivyokuwa unaukuna kwenye fremu ya mlango ukidhani hatukuoni. Nakumbuka ulivyokataa kuvaa mikono mifupi hata siku za joto la kufa mtu. Nakumbuka na zile sabuni zako za kila mwisho wa mwezi, sita sita, zisizo na jina, ambazo Mama alizifungia sandukuni sisi tukaoga na za dukani. Kila mtu nyumbani anajua uliungua kwenye pipa la sabuni ya moto. Sasa mtu anakutafutia nafuu, wewe unanijibu kwa mkato.

Ripoti imebakisha mwezi. Takwimu ni nzuri. Sijui unataka niangalie nini.

Bi Maswali


24 Mei

Mtoto wa dada yangu,

Leo salamu zako nimezipokea nikiwa nimesimama. Barua hii nimeilipia iende haraka, na karani wa posta ameniuliza mara mbili kama kuna msiba. Isome ukiwa umekaa.

Hakuna pipa la sabuni. Sijawahi kufanya kazi kiwanda cha sabuni hata siku moja. Miaka ishirini na miwili nilikuwa mchinjaji, machinjio ya nguruwe, upande wa pili wa mji. Nilipoipata kazi ile hapakuwa na nyingine, na nikajiambia ni ya mwezi mmoja. Nikamwambia bibi yako nimepata kiwanda cha sabuni, kwa sababu nilijua nitakuwa narudi nimejisugua mpaka nanukia sabuni kichwa hadi miguu. Mwezi ukawa mwaka. Bibi yako akafa akijua hivyo, na baada ya hapo mdomo ukawa mzito zaidi, ningeanzia wapi? Kila mwisho wa mwezi nilinunua sabuni sita dukani, nikakaa chooni pale kazini na kisu changu, nikakwangua jina lililochapwa juu ya kila kipande, nikazileta nyumbani kama zawadi ya kiwandani. Kisu kile kilikuwa kikali, jina lilitoka vizuri.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nishindwe kula tangu Machi.

Nguruwe akishachinjwa, anatumbukizwa kwenye tangi la maji moto. Si ya kuchemka, ila ukiweka mkono utautoa mwenyewe. Anakaa humo dakika chache, nywele zinalegea, zinakwanguliwa zote. Anatoka mweupe, laini, safi kama sahani. Umeniandikia maneno hayo hayo na nilikaa nayo barazani mpaka redio ikazima. Mpwa wangu, hakuna njia nyingine ya kumtoa mnyama yule nywele zote akawa hivyo. Wale watu wema walikuwa wanakukatia ngozi kabla ya tangi. Ulipowaomba zije safi, wakaanza kukukatia baada ya tangi. Wametii ulichoandika.

Ngozi iliyopita kwenye tangi imeungua. Kwa macho ni nzima, lakini ule utando wa juu kabisa umeachana na nyama. Chukua kipande, kilaze mezani, bonyeza dole gumba pembeni, sukuma. Ikiwa nzima, hutapata kitu. Ikiwa ya tangi, utando utabanduka kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Sijui maabara, lakini najua mlango uliofunguliwa hauna kazi ya kuzuia. Dawa yako inapita kwa sababu hakuna kinachoizuia.

Najuaje kwamba ni kuungua? Mwaka wa tisa sakafu ilikuwa imelowa, mnyama akachomoka kwenye ndoana, nikamdaka, tukaingia wote tangini, yeye mzima mzima na mimi mkono hadi kiwiko. Nilipoutoa ulikuwa mzuri kabisa. Nilipoushika kwa mkono wa pili, ngozi ikateleza.

Nilikuwa na nafasi ya kukwambia Februari, Machi, Aprili. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa namwogopa dada yangu. Mzee mzima. Naona aibu kuliandika hili kuliko hayo mengine yote. Ukitaka kunichukia una haki.

Mjomba


30 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya zaidi ya mwezi na najua umehesabu siku. Sikukuchukia. Nilikuwa na kazi ya kufanya kwanza.

Barua yako ilifika tarehe 3. Niliisomea ngazini, nikapanda maabara na koti langu la nje, nikatoa kipande kwenye friza, nikasubiri kiyeyuke. Nikabonyeza dole gumba. Utando ukabanduka, Mjomba, mzima, kama ulivyosema. Nikajaribu cha pili, cha tatu, mpaka sanduku likaisha. Miezi minne ya kazi ilikuwa mezani, imejikunja kama maganda. Nililia, nisikudanganye, halafu nikajikaza nikaenda kugonga kwa mkuu.

Alisikiliza bila kuvua miwani. Kuna chombo cha kupimia uzima wa ngozi kabla ya kuitumia, kimeharibika tangu mwaka jana, sote tulikuwa tunaangalia kwa macho tu. Akasema kosa la chombo ni lake na kosa la kikaratasi ni langu, tugawane. Akaenda mwenyewe kwenye kamati kuiondoa ripoti.

Mimi nikaenda machinjio. Nilikwenda kwa miguu yangu, na safari hii sikuangalia pembeni. Niliona tangi. Kulikuwa na mchinjaji amesimama pale na buti za mpira, anatania wenzake, na mikono yake ilikuwa inafanya kazi bila yeye kuiangalia. Nilisimama nikafikiria miaka ishirini na miwili. Nilitaka kumsalimia shikamoo ingawa ni kijana kuliko mimi.

Tumerudia kwa ngozi za kabla ya tangi. Dawa ile ile, kipimo kile kile, inapenya sehemu moja tu kati ya tano za ile ya mwanzo. Unaelewa maana yake? Tungewapa wagonjwa thelathini dawa hafifu. Wangepaka, wangeendelea kujikuna, na wakubwa wangesema dawa haifai, itupwe. Na dawa inafaa, ila inatakiwa iwe kali zaidi. Mkataba wangu wameuongeza miezi sita tu, wataniangalia. Si haba.

Nina maombi mawili. La kwanza, tuandikie namna ya kuikata ngozi ipasavyo, hatua kwa hatua, tuwapelekee pale machinjio. La pili ni zito. Mkuu anataka ripoti mpya iseme kwamba njia hiyo tumefundishwa na mchinjaji mstaafu, mjomba wa mmoja wetu. Bila jina. Lakini Mama ameshaomba nakala, ana fremu tayari pale sebuleni. Atasoma kila neno. La nguruwe nitamweleza mwenyewe, lakini wajomba sina wawili. Ukikataa, hatutaandika, na mimi sitasema kitu mpaka kufa.

Mpwa wako anayekupenda


21 Julai

Bi Maswali,

Marahaba, mara mia.

Maombi yako ya kwanza hayo, nakili vizuri. Ngozi ikatwe mara mnyama anapomaliza kutoka damu, kabla hajasogezwa karibu na tangi, hata mvuke usimguse. Sikio ndilo bora, likikosekana chukua ubavuni. Osha kwa maji baridi yanayotiririka, usiloweke, usisugue. Kausha kwa kugusa na kitambaa. Nywele zipunguzwe kwa mashine ya kinyozi, wembe marufuku, wembe unakwangua. Mafuta ya chini yatolewe kwa kisu kilicholala, si kilichosimama. Funga kwenye nailoni, ndipo barafu, barafu yenyewe isiiguse ngozi. Na anayepokea afungue sanduku akiangalia ndani.

Sasa la pili. Nilikaa nalo siku nne. Jumapili asubuhi dada yangu alikuwa anachambua mchele, nikaona miwani iko machoni na mikono ina kazi, hawezi kunirushia kitu. Nikapiga moyo konde nikamwambia yote, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka mkono. Sikutaja maabara yako inatumia nini. Hiyo ni yako kuitoa.

Aliacha kuchambua. Akanyanyuka, akaingia chumbani, nikasikia anavuta kitu kizito. Nikajua nafukuzwa, hilo ni begi langu linatafutwa. Akatoka na lile sanduku la sabuni. Akaliweka miguuni kwangu, akafungua, akachukua kipande kimoja kimepasuka kwa uzee, akanionyesha pale nilipokwangua.

"Hii nini?"

Nikamwambia, nilikwangua jina la kiwanda, ili usijue ni za dukani.

Akakaa chini. Mpwa wangu, unajua dada yangu alidhani nini miaka yote? Alidhani naiba! Alisema, nani anakwangua jina kwenye sabuni kama si mwizi? Ndiyo maana hakuruhusu mtoto yeyote aziguse. Aliogopa kuwaogesha kwa mali ya wizi. Alizifungia humo asije mtu akaziona, na kila askari alipopita mtaani, yeye alikuwa anafunga dirisha. Amenificha mimi muda wote ambao mimi nilikuwa namficha yeye.

"Miaka ishirini na miwili," akasema, "naishi na kaka mwizi. Kumbe nguruwe tu!"

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Halafu akaacha kucheka ghafla, akauvuta mkono wangu, akakunja shati mpaka kiwiko. Hakuwahi kuuona. Aliuangalia muda mrefu, akapitisha kiganja juu yake polepole. Akaniuliza, "Ulikuwa peke yako hospitali?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Ningekuja." Hapo ndipo mimi nilipolia, sabuni zote zikinitazama.

Andikeni kwenye ripoti. Andikeni mchinjaji.

Leo asubuhi ametoka bafuni ananukia sabuni ya miaka ile. Anasema inatoa povu vizuri, nilikuwa najua kuchagua.

Mjomba wako


2 Septemba

Mjomba,

Shikamoo, na ya mkono pia, sasa kwa kuwa nasikia unatembea barazani na mikono mifupi.

Maelekezo yako yamebandikwa ukutani machinjio, karibu na swichi, na nakala nyingine iko juu ya friza letu. Yule mchinjaji wa buti za mpira aliyasoma akauliza nani kaandika. Nikasema mjomba wangu. Akasema, "Huyo amefanya kazi." Ripoti imepita wiki iliyopita. Wagonjwa wa kwanza wameanza kupaka juzi, na bado hatujui chochote. Nitakuandikia hata kama majibu ni mabaya.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Ni ya Mama. Nimemweleza kila kitu, ngozi, vikombe, kikaratasi changu, na jina la mnyama nimeliandika kwa herufi kubwa nisije nikaogopa katikati. Mpe akiwa amekaa, na ukae naye akiisoma. Akisita kuishika, mwambie kabla ya kuandika nilinawa, na sabuni yangu ina jina.

Bi Maswali